Matone Mawili

Tuliondoka Tukuyu saa kumi, ukungu umelala
juu ya mashamba ya chai.
Ambokile hakuuona. Yeye ana wake,
ndani ya jicho, tangu azaliwe.

"Mtoto wa jicho," daktari alisema.
Akauliza njia nzima:
"Huyo mtoto naye anaogopa sindano?"

Mbeya, benchi la baridi.
Kidole changu kakishika kama kamba ya ndama.
Kila koti jeupe likipita, anaacha kupumua.

Muuguzi Sekela alikuja mikono mitupu, karibu mitupu.
Akachuchumaa, akanusa hewa kwa kelele:
"Nasikia harufu ya parachichi. Nani kalificha?"
Mwanangu akainua pua kulitafuta:
tone kushoto,
tone kulia.
Akakunja uso. Chungu! Parachichi gani hili?

Kisha, polepole, kidole changu
kikarudiwa na damu.
"Baba," ulimi mzito, "benchi linaelea."
Akaupungia mkono ukuta,
ukuta ambao, nadhani, ulimwitikia.

Wakambeba bila kilio.
Mabuti yake yamebaki mapajani mwangu,
na tope la nyumbani.

Mlango ukajifunga.
Nami, mtu mzima mwenye ndevu,
nikakaa pua juu,
nikisubiri tone.