Kwa Yeyote Anayehusika

Barua ya kwanza niliiandika hivyo: Kwa Yeyote Anayehusika.
Mama yake Ndahani akaifunga kwenye pindo la kanga,
wakapanda basi la alfajiri kutoka Mpwayungu.
Wakarudi siku ya tatu.
Dirisha la kwanza liliwatuma la pili,
la pili likataka kadi,
na huyo Yeyote siku hiyo hakuwepo kazini.

Mama aliniuliza bila hasira, akipepeta uwele:
"Nesi, Yeyote ana sura gani?"

Usiku ule sikulala.
Ndahani alikuwa anatembea tena kwenye mabua ya mtama,
akijibizana na sauti tusiyoisikia;
mchana watoto humwita kwa jina la hospitali,
kama tusi.

Leo naandika ya pili.

Kwa Dada Sechelela, chumba namba sita.
Jana kwenye simu ulisema Jumanne, saa tatu.
Anaogopa korido. Usimwite kwa sauti kubwa.
Dawa alizowahi kumeza nimeziorodhesha chini.
Mwulize habari za zabibu, ataongea.
Ukimaliza nijibu nyuma ya karatasi hii hii.

Wino wa muhuri ulikuwa umekauka;
nikaupulizia pumzi, nikagonga.

Jumanne jioni basi likashusha magunia mawili ya chumvi,
jogoo aliyefungwa miguu,
kisha wao.
Mama alihangaika na lile fundo, vidole vikitetemeka.
Nyuma ya karatasi, mwandiko wa mtu mwingine:

Amefika. Anasema za Mpunguzi ndizo tamu.
Arudi tarehe kumi na nne. Aniulizie mimi.