Kichwa Bila Tela

Nina kichwa. Tela sina.
Ndivyo ninavyojitambulisha Kurasini
kwenye geti la yadi, na mlinzi hucheka:
"Kichwa kitupu, basi?"
Kitupu. Skania kuukuu,
mlango mmoja wa bluu, mwingine ulikuwa mweupe,
nimeipata kwa kiwanja cha Chanika
na deni la shemeji ambalo halilali.

Dalali Msangi ananiambia subiri.
Yuko mama mmoja Tabata, matela matatu,
vichwa vyake viwili vimekufa giaboksi,
mbolea ya Tunduma inamngoja bandarini.
"Ila anauliza bima, Nyangasa.
Na yako inaishia kwenye bampa."

Chiduo, tandiboi wangu, analala kabini,
gesti tumeiacha wiki ya pili.
Alfajiri anaipaka grisi ile sahani ya nyuma,
siku ya kumi na tisa haijakaliwa na kitu,
anaipaka taratibu,
kama atandikaye kitanda
cha mgeni asiyetaja siku.

Tukipita Mandela tunarukaruka kwenye matuta.
Gari jepesi halitulii.
Wapo wanaotupungia mkono,
wakidhani tumeshusha mzigo, tuna pesa.

Saa tano usiku simu inaita. Ni yule mama.
Hasalimii.
"Sahani yako pini ya inchi ngapi?"
"Mbili."
Kimya. Nasikia televisheni yake.
"Zangu tatu na nusu."

Chiduo ameinua kichwa kwenye godoro.
"Kasemaje?"
Namuuliza yule fundi wa Vingunguti,
anayebadilisha taya,
huwa anafungua saa ngapi.