Matokeo Yalivyoshuka Mlimani

Ndama aliuzwa Jumanne.
Jumatano mjomba Bimurza alikuwa na tiketi mbili
amezifunga kwenye leso kama dawa ya mtoto,
na kila baada ya saa alizifungua kuhakikisha
Jojia bado inacheza na Romania,
bado ni raga, bado ni Jumamosi,
bado ni Tbilisi.

Tuliondoka alfajiri na Niva yake ya kijani,
mlango mmoja unafunguka,
wa pili umefungwa kwa kamba ya ng'ombe.
Mkewe alitupa kubdari sita zinazovuja mafuta ya nyama
na onyo moja:
"Mkifungwa, msirudi na nyuso hizo."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.
Kwenye kona ya juu ya mto Enguri
mlima ulikuwa umeshuka, umekaa barabarani.
Si mawe mawili matatu. Mlima,
miti yake imelala mizizi juu,
na kibao cha ENDESHA POLEPOLE
kimesimama wima katikati ya tope kama refa.

Mjomba alizima gari.
Akaliwasha tena, labda mlima utasikia.

Nyuma yetu foleni ikaota: Otari na lori la viazi,
Tsiala mkunga anayesinzia na mkoba wake mapajani,
mtawa mwenye viatu vya mpira,
na kijana Jokola, ambaye simu yake pekee ilikuwa na chaji.
Saa kumi jioni mchezo ulianza bila sisi.

Chini pale hapakuwa na mtandao.
Jokola akakwea hadi kwenye jabali, akawa mdogo kama mbuzi,
sauti yake ikatufikia vipande vipande.
Basi tukajipanga mlimani tupokezane:
Jokola, mtawa, Otari, Tsiala, mimi,
na chini kabisa mjomba, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
maana goti lake alikwisha kuliacha
kwenye skramu moja ya ujana.

Neno likipita vinywa vinne huota miguu.
Juu ilikuwa "trai"; kwa Otari zikawa mbili.
"Penalti imepaa" ikanifikia "penalti imepita,"
nami nani niirudishe?
Kufikia mapumziko tulikuwa thelathini na nane kwa sifuri,
na mjomba anaipigia ndoo makofi,
anawaonea huruma Waromania.

Kisha kimya.
Jokola hakupiga kelele. Aliteremka kidogo, akasema.
Mtawa akamwinamia Otari.
Otari akavua kofia.
Tsiala akaja hadi sikioni mwangu, pumzi yake ya vitunguu:
"Mbili tu. Lakini za kwao."

"Lamara! Imekuwaje?"
Leso ilikuwa wazi gotini,
tiketi zimenyooshwa, hazijachanwa hata ncha.

"Tumeshinda," nikasema.

Akanyanyuka bila fimbo. Akambusu Tsiala,
akabusu tairi la lori.
Otari alinitazama muda mrefu,
kisha akatoa chupa ya chacha chini ya kiti.
Mtawa akainua kikombe, Mungu amsamehe,
akautakia ushindi wetu maisha marefu.
Tulichoma viazi hadi usiku wa manane,
na kila trai ikasimuliwa upya
na watu ambao hawakuiona.

Asubuhi katapila likaja likatoboa njia.
Zugdidi ilikuwa kimya. Hakuna bendera madirishani.
Kwenye kituo cha mafuta wanaume walizungumza
kama watu waliotoka mazishini.
Mjomba alilipa, akaokota gazeti kaunta,
akalisoma amesimama,
akalikunja mara nne, akalirudisha lilipokuwa.

Hatukusema kitu hadi darajani.
Hapo akaimega kubdari ya mwisho,
akapima kwa jicho,
akanipa upande wenye nyama.
"Yule ndama," akasema, "hata hivyo alikuwa na kwato mbovu."

Kisha akapiga honi,
mara tatu, ndefu,
barabara nzima tukiwa sisi peke yetu.