Nipumue Wapi?

Mawaleh, saa nane mchana, Julai.
Kiyoyozi kinavuma sauti moja tangu alfajiri,
chini kidogo ya ile ninayoitaka.
Nimechoka kushindana nacho: nimeipa selo
iishike hiyo hiyo, iiburure mpaka ukurasa wa pili.
Obo na klarineti mbele. Fidla mbili na viola nyuma yao
kama majirani nyuma ya pazia,
wanasikia yote, hawasemi yote.

Fidla haina mapafu. Hilo ndilo lililonighuri.
Upinde ukifika ncha hugeuka, ukarudi ulikotoka,
na sauti isijue kama imekatwa.
Nikamwandikia obo mistari kumi na minne
bila nafasi ya kupitisha sindano,
nikajiona fundi.

Jana kaja Muhanna. Mchana hupima chumvi
kwenye mtambo wa maji kule Barka,
jioni hubeba matete yake ndani ya kichupa cha zafarani.
Moja lilipasuka njiani, kwa baridi ya gari.
Akalowesha la pili ulimini, akaanza.
Mstari wa sita, masikio yamemwiva.
Wa tisa, mishipa ya shingo nje.
Wa kumi na moja akailaza obo mapajani
na kwa Kiswahili cha bibi yake akaniuliza, taratibu:
"Bi Thuwaiba, nipumue wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na karatasi.

Chumba cha pili mama alikuwa kwenye simu
na dada yake aliye Wete.
"Ehe," mama akasema. Kimya.
"Ehe." Kimya kirefu zaidi,
na ndani ya kimya kile nikajua
kuna mtu amekwisha kuzikwa.

Usiku nikakaa na kifutio.
Shairi lina kituo, kila mtoto wa chuoni ajua;
muziki nani aliniambia hauna?
Nikafuta noti saba, mbili katika hizo nilizipenda kweli.

Leo Muhanna kafika pale peupe,
kaitoa obo mdomoni, kavuta hewa:
sauti kavu, ya mtu.
Nimeiacha. Siiandikii noti.

Viola ikapita chini, peke yake.
Kisha kiyoyozi kikatosheka na baridi yake, kikajizima, tk,
na selo ikabaki imeshika
sauti ya kitu ambacho hakipo tena chumbani.