Upande wa Ukuta

Tuligundua kwa simu.
Bibi Eteri alipiga kutoka Zestafoni;
Nutsa akaiweka simu sikio la kushoto,
akangoja, akakunja uso, akanirudishia:
"Bibi amezima."
Nami nilikuwa namsikia bibi tangu jikoni,
akimwita mjukuu kwa majina ya matunda yote.

Miaka minne.
Na mimi, mamaye, nilikuwa nikimwita mkaidi.

Daktari alichora mistari miwili.
Mmoja ulitambaa juu, karibu na ukingo wa karatasi,
mwingine ulianguka chini, ukabaki huko.
Hilo moja, akasema, mlitunze kama mboni.
Likiuma usiku, msingoje kukuche.

Sasa kila kitu nyumbani kina upande.
Mezani, wageni wakizidi na divai ikizidi,
sauti zote humjia kama unga uliomwagika,
hawezi kuokota chembe moja.
Basi tunamketisha pembeni,
kushoto tumemwachia ukuta:
ukuta hauna la kumwambia.
Darasani mwalimu Mzia amefanya vivyo hivyo,
tena mbali na ile hita inayonguruma.

Barabarani ndipo mimi na Zaza tuligombana.
Nitembee kulia, anisikie?
Au kushoto, kunakopita magari asiyoyasikia?
Tulivuka daraja la Rioni mara tatu tukibishana,
yeye katikati, anahesabu mbwa.
Siku hizi njiani nashika kushoto, kimya, mkono mkononi.
Maneno yatangoja mlangoni.

Bustanini nikimwita huzunguka mzima mzima
kama anayetafuta nzi.
Sauti ameipata; ilikotoka, hapana.
Kwa hiyo siiti tena, napunga kitambaa chekundu,
na wazee wa chesi hunipungia pia.

Watoto wengine, uwaambialo
huingia sikio hili likatokea lile.
La Nutsa halina pa kutokea.
Juzi alinikumbusha ahadi ya mwaka jana,
neno kwa neno, pamoja na kikohozi changu.

Usiku hulalia sikio zima.
Mbwa wa jirani, televisheni, sisi wawili na madeni yetu,
vyote anavifunika kwa mto.
Nami huinama juu ya lile la kushoto
nikaliambia nisiyomwambia mtu.

Asubuhi, mdomo umejaa mkate:
"Mama, jana ulisema nini?"
Umejuaje kama nilisema?
"Palikuwa na joto."