Nusu Saa

Dada Millaray, siku ile kliniki
uliniuliza, kalamu ikingoja juu ya kadi:
"Baltazar anatazama skrini muda gani kwa siku?"
Nikajibu upesi, kama mtu aliyefumaniwa,
"Nusu saa."
Ukaandika.
Mwandiko wako mzuri ukaubeba uongo wangu
ukaulaza kati ya chanjo na uzito:
kilo kumi na moja na robo, nusu saa, mtoto mzima.

Nje, upepo wa Punta Arenas ulikuwa kazini,
ule unaotushikisha kamba za barabarani
tusije tukapeperuka kama nguo zisizo na vibanio.
Mkono mmoja kamba, mkono mmoja mwana,
na simu mfukoni ikinigonga paja
kama shahidi aliyenyimwa nafasi ya kusema.

Basi nikuhesabie sasa.
Asubuhi, birika likiwa jikoni: bata wa samawati wanaoimba.
Saa tatu, bata.
Mchana akila, maana bila bata hafungui kinywa.
Alasiri ndiyo usiniulize.
Ninashona makoti ya manyoya, ya wageni
wanaokwenda kutazama barafu ikimeguka;
Ismael yuko kiwandani, mikono ndani ya samaki,
harudi mpaka giza.
Cherehani ina sindano. Pasi ina moto.
Mtoto ana miezi kumi na tisa na mikono ya kila mahali.
Simu haina sindano.
Na mtoto akishatulia,
nani huuliza ametulia wapi?

Jumanne niliinama kumfuta makamasi.
Akaniweka kidole shavuni,
akakiburuta kutoka sikioni hadi puani,
tena,
tena,
akisubiri nipite.
Akisubiri sura nyingine itokee.
Haikutokea. Nilikuwa mimi tu,
mimi yule yule, uzi mdomoni.
Akalia kwa kukosa mama mpya.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Hawakusema lolote juu ya anayelelewa na betri.

Nikaizika simu ndani ya gunia la manyoya ya bata bukini.
Dada, kilio kile!
Bi Zlata aligonga ukuta mara mbili,
ya tatu akaja mwenyewe na mkate, akachungulia,
akaona hakuna aliyekufa, akaondoka.
Mtoto alilala chini, akapiga sakafu kwa visigino,
nami nikashona mfuko wa koti upande usio wake,
nikafumua, nikashona tena pale pale.

Ndipo simu ikaita gunianini.
Baltazar akanyamaza. Akatambaa, akavuta, gunia likaanguka,
na upepo, ule ule, ukapenya chini ya mlango
ukayanyanyua manyoya yote.
Nilidhani ataikimbilia simu.
Iliita mpaka ikachoka.
Yeye alikuwa amekaa katikati ya theluji isiyo baridi,
unyoya mmoja puani,
akakunja midomo:
"Fuu."
Ukaruka. Ukarudi.
"Fuu."
Kisha akageuka.
Hakuutazama unyoya. Alinitazama mimi,
kuhakikisha kwamba nimeona.

Nimeona, mwanangu. Nimeona.

Nisikudanganye mara ya pili:
jioni ile supu ilimwagikia jiko, nikampa bata.
Dakika ishirini na mbili, nilizihesabu kwa saa ya ukutani,
na nilipoichukua simu alining'ata kidole.
Manyoya bado nayaokota ndani ya viatu.
Koti la Mjerumani mmoja litapungua joto kidogo;
anisamehe, akiwa huko kwenye barafu yake.

Nikija mwezi ujao, fungua ile kadi.
Kata nusu saa.
Andika saa nne, na usinitazame unapoandika.
Halafu pembeni, kama patabaki nafasi,
karibu na uzito,
andika: fuu.