Chupa ya Kumi na Saba

Ya kwanza ilipasuka kama bisi.
Ya tano ikawa njano, meno ya mvuta kiko.
Ya tisa tuliishangilia,
hadi kipimo kikatuumbua:
sumu ni ile ile, imebadili kanzu.

Shemndolwa hakusema neno.
Aliyeyusha tena, akafinyanga tena,
akaijaza juisi ya machungwa ya Muheza,
akaipandisha kwenye bati la karakana yetu, Pongwe,
ichomwe na jua siku saba.

"Sitafuti chupa ya maajabu," aliniambia.
"Natafuta mtunza amana.
Umpe maji,
akurudishie maji."

Leo imeshuka.
Nanusa: chungwa.
Chungwa tu.

Mashine inasaga majibu, haina haraka.
Shemndolwa kashika glasi tupu,
kama mgeni
ambaye hajaambiwa karibu.